Meli ya Kwanza Ilipinda

Binti yetu alifariki masika ya mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Alikuwa na miaka minne na miezi kidogo. Homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri tukamzika.

Mimi nilikuwa mtoa dawa hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kupima dawa za maji kwenye chupa, kuhesabu vidonge, na kuwaambia watu kupitia kidirisha: kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, tikisa chupa kwanza. Dawa aliyokunywa mwanangu niliipima kwa mkono wangu mwenyewe, na niliipima sawasawa. Jambo hilo nimelirudia kichwani mara nyingi. Sikuwa nikijilaumu. Nililirudia kama mtu anayegusagusa kwa ulimi jino lililotiwa ganzi, kuangalia kama bado halina hisia.

Sikulia. Watu wakadhani ni subira, wakanisifu. Mjomba wangu alinishika bega barazani akasema, "Mwanamume ndivyo awe." Nikamshukuru. Siku ya nne nilirudi kazini, nikakuta chupa za dawa ya kikohozi zimepangwa vibaya, nikazipanga.

Mke wangu alilia majuma mawili matatu, kisha akanyamaza naye. Alikuwa mshona kofia, zile za vitobwe, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, na mikono yake haikupumzika hata siku moja. Kilichobadilika ni namna alivyoniita. Tangu azaliwe mtoto alikuwa akiniita baba fulani, kwa jina la mtoto, kama desturi ilivyo. Jina lile sasa lilikuwa halitamkiki, na jingine hakuwa nalo. Basi akinitaka husema, "Sikiliza." Nami hujibu, "Naam." Mazungumzo yetu yakawa mafupi kama maandishi ya kwenye chupa.

Tulikaa ghorofa ya kwanza ya nyumba kongwe ndani ya Mji Mkongwe. Juu yetu alikaa mzee wa Kigoa, karani mstaafu, peke yake na saa zake za ukutani. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zikihamwa. Unapita kichochoroni unaona dirisha ambalo jana lilikuwa na pazia, leo limefungwa kwa ubao. Hatukuuliza sana nani kaenda wapi. Siku moja alasiri yule mzee aligonga mlango wetu, anahema, kakumbatia boksi refu la karatasi ngumu.

"Nnaondoka Jumamosi," akasema. "Dada yangu kaniita. Hili siwezi kulichukua."

Juu ya boksi palikuwa na picha ya meli ya zamani ya milingoti mitatu, imetanda matanga yote.

"Nililiagiza Ulaya zamani, nikasema nikistaafu ntaijenga. Nimestaafu, na macho yamekwisha. Wewe macho unayo, na mkono wako umetulia. Nimekuona ukipima dawa."

Nilichukua kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Mzee aliondoka Jumamosi kama alivyosema, na boksi likakaa chini ya meza yetu miezi mitatu bila kufunguliwa.

Lazima niseme hapa kwamba bahari na mimi hatukuwa na urafiki. Safari yangu moja ya kwenda Pemba niliimaliza nimelala juu ya magunia, natapika. Sijui kuogelea. Sikuwahi kutamani chombo chochote. Siku niliyolifungua lile boksi nilikuwa natafuta kitu cha kufanya kati ya alasiri na magharibi, ule muda ambao zamani mtoto alikuwa akinisubiri mlangoni, na ambao sasa ulikuwa mtupu na mrefu.

Ndani mlikuwa na vipande vya mbao vilivyochapwa namba, milingoti myembamba kama vijiti, uzi wa rangi mbili, na kitabu cha maelezo kwa Kiingereza. Kiingereza cha vitabu nilikijua, maana maelezo ya dawa yote yalikuwa kwa lugha hiyo. Hatua ya kwanza ilisema: soma yote mpaka mwisho kabla hujashika kisu. Nikasoma yote. Nilipenda kwamba kila hatua ilikuwa na namba yake, na kwamba hakuna hata moja iliyoniuliza hali yangu.

Zana nilizipata kazini. Visu vya kupasulia vilivyokwisha makali vilikuwa vikitupwa. Nilimwomba mkuu wa stoo, akanipa vinne, nikavinoa. Akanipa pia koleo ndogo iliyolegea, nikaikaza, na bomba la sindano lililopasuka mdomo, ambalo nililitumia kutilia gundi mahali kidole kisipofika. Msasa nilinunua sokoni Darajani. Meza niliisogeza dirishani. Kila siku nikitoka kazini nakula, nasali alasiri, nakaa mezani mpaka mwanga unisaliti.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Unaweka mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, halafu unapachika mbavu zake, moja baada ya moja, kila moja kwenye tundu lake. Zilikuwa mbavu kumi na moja. Niliziunga kwa siku tano, na siku ya sita nikainyanyua ile mifupa ya meli mbele ya dirisha, nikaona mtaa kupitia mbavu zake.

Mke wangu alikuwa anapita na kapu la nguo.

"Unajenga nini?"

"Meli."

"Ya kwenda wapi?"

"Haiendi. Ya kuwekwa."

Akaenda kuanika nguo zake.

Baada ya mbavu zinakuja mbao za kuvika ubavuni, nyembamba na ndefu, zilizofungwa pamoja kama kuni kwenye karatasi ya nta. Nilipofungua karatasi ile unga ulimwagika mapajani mwangu. Dumuzi walikuwa wameshakula. Mbao zilikuwa na sura ya mbao tu, ukizishika zinavunjika bila hata sauti. Nikakaa nazitazama. Kesho yake nilikwenda Mlandege kwa fundi seremala, akanionyesha magogo ya mvule na milango iliyokaribia kwisha. Chembamba hakuwa nacho, na wakati wa kunichania hakuwa nao.

"Hiyo kazi ya mchezo, bwana," akasema. "Tafuta mbao za kreti, msonobari. Laini, hazina maneno."

Nikarudi nyumbani nikiwaza msonobari. Na msonobari nilijua uko wapi. Katika chumba kidogo, kile kilichokuwa cha mtoto, kilibaki kitanda chake, godoro juu yake limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Chaga za kitanda kile, zile mbao zinazobeba godoro, zilikuwa za msonobari wa kreti. Nilikuwa nimekaa na fundi aliyezipasua.

Sikuwaza "kitanda cha mwanangu". Nataka nilieleze hili kama lilivyokuwa. Niliwaza: mbao kavu, unene wa nusu inchi, hazina vifundo. Nikachomoa mbili. Nikazichana kwa msumeno, nikazipiga msasa mpaka zikawa nyembamba kama rula, nikaziloweka kwenye beseni la maji ya moto, nikazipinda taratibu kwenye mvuke wa birika. Ubao uliopashwa mvuke una utii wa ajabu. Unaukunja, unausubiri upoe, unabaki ulivyoukunja. Niliubana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ishike.

Juma lile nikachomoa chaga mbili nyingine, na lililofuata nikazimaliza zilizobaki. Zilikuwa nane. Godoro nikaliegemeza juu ya fremu tupu, likakaa.

"Vibanio vyangu vimekwenda wapi?" mke wangu aliuliza siku moja.

"Viko kwangu. Vinabana."

Ubavu wa kulia ulipokwisha ulikuwa mzuri hasa. Nikaanza wa kushoto. Hapo ndipo nilipoona kuwa hatua ya tisa nilikuwa nimeiruka. Mimi, ambaye kazini sijawahi kuruka mstari hata mmoja, niliiruka. Hatua ile ilisema mbao zivikwe kwa zamu: moja kulia, moja kushoto, ili pande mbili zivutane sawa. Mimi nilivika upande mmoja mpaka mwisho, na ubao ulipokauka ukavuta mkuku wote kwake. Ukiitazama meli kwa juu iliinama upande, kama mtu aliyetega sikio nyuma ya mlango. Niliivika hivyo hivyo upande wa pili. Haikunyooka.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mke wangu aliingia chumba kidogo kulitoa godoro alianike juani, kama alivyokuwa akifanya mara moja kila mwezi. Nilisikia kishindo. Godoro lilikuwa limeteleza na kupita katikati ya fremu mpaka sakafuni. Akaja akasimama mlangoni.

"Chaga ziko wapi?"

Nikamwonyesha meli kwa kidole.

"Zipi?"

"Hizi. Ubavu huu na huu."

Akaisogelea. Akapitisha kidole kwenye ubao, kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, kama anavyokagua mshono.

"Umekata kitanda cha mwanangu."

"Mbao za kwenye boksi zililiwa na dumuzi," nikasema.

Hilo ndilo jibu nililompa. Nimeishi nalo miaka mingi, na kila nikilitazama halijabadilika, ni sentensi sahihi kabisa isiyo na mtu ndani yake. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akavaa buibui, akafunga nguo zake na sindano zake kwenye shuka. Kwao ni Mkokotoni, watu wa kisiwa cha Tumbatu waliovuka zamani. Kabla ya sala ya Ijumaa alikuwa keshaondoka. Nikafunga kifuniko cha gundi isije ikakauka, nikaenda msikitini.

Nilikaa peke yangu wiki sita. Nilikuwa nakunywa chai na mkate asubuhi, na mkate na chai jioni. Nilisubiri nihisi kitu, namna unavyosubiri mtu aliyechelewa, na mwisho nikaacha kusubiri. Meli niliiendeleza. Niliweka sitaha, sakafu yake ya juu, nikaipiga msasa, pinda hivyo hivyo. Halafu siku moja nikiwa kidirishani namhesabia mzee mmoja vidonge, nilijiwa na wazo kwamba zile mbao si zangu, ni za mke wangu, na kwamba yafaa nizirudishe. Leo naona lilikuwa wazo la mtu asiye mzima. Siku ile lilionekana la kawaida, kama kurudisha sufuria ya jirani.

Jumapili nikaifunga meli kwenye shuka, nikapanda gari la abiria la shamba, nikaipakata mpaka Mkokotoni.

Mama mkwe alikuwa uani anapara samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, bila kuinua macho. "Mwenzio yumo ndani. Kaa na shemegi yako kwanza."

Shemegi yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa fundi wa mashua. Alikuwa chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba, anasukumia pamba kwenye nyufa za mashua kwa patasi na nyundo, ili maji yasipenye. Tulikuwa rika moja, lakini mbele yake daima nilijiona mtu wa karatasi. Aliitazama shuka.

"Nini hiyo?"

Nikaifungua. Akaweka nyundo chini, akaishika meli, akaiinua usawa wa jicho, akafumba jicho moja. Nilidhani atacheka.

"Hii ukiitia majini itazunguka pahala pamoja mpaka ijae," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Kitabu."

"Kitabu kimekwanzisha pabaya. Hapa mtu akianza hapewi mbao wala mbavu. Hupewa kipande kimoja cha mti, akichonge mpaka mkono wake ujue chombo kina umbo gani. Ukishajua umbo ndiyo unajenga mbavu. Wewe umejenga mbavu za kitu usichokijua." Akaigeuza. "Lakini viungo vyako vizuri. Hivi viungo vizuri sana."

Mke wangu akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Umekuja na hii?"

"Nimekuletea. Mbao ni zako."

Alinitazama, kisha akaitazama meli. Akaichukua mikononi mwa kaka yake, akaingia nayo ndani. Tukabaki mimi na shemegi. Alichukua nyundo, akagonga mara mbili tatu, na hapo tukasikia kilio. Hakikuwa kile kilio cha kwanza cha msibani, chenye watu na maneno. Kilikuwa kirefu, cha sauti moja, kinakatika kwa pumzi tu kisha kinaendelea. Mama mkwe aliacha samaki akaingia. Shemegi hakusimama wala hakunitazama. Mimi nilikaa. Macho yangu makavu. Ila mikono ilianza kutetemeka, hii mikono iliyosifiwa kwa kutulia, na nikashindwa kuizuia. Shemegi akanitupia bonge la pamba.

"Isokote," akasema. "Nene kama kidole. Nnakwishiwa."

Nikasokota pamba mpaka adhuhuri.

Mke wangu alitoka macho yamevimba, akaniambia atarudi, lakini si leo. Wakati wa kuondoka shemegi alinipa kipande cha mwembe, kikavu, chepesi, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole. Mti wa mwembe ni laini kuchonga, na ndio unaochongewa mitumbwi.

Mke wangu alirudi baada ya siku tisa, na meli ilikuwa mikononi mwake. Aliiweka juu ya kabati la nguo chumbani kwetu. Sikumwuliza kwa nini. Kitanda cha mtoto tulimpa jirani mwenye kuzaa, na mke wangu ndiye aliyepeleka, baada ya kwenda mwenyewe kwa fundi wa Mlandege kuweka chaga mpya.

Nikaanza upya na kile kipande cha mwembe. Nilikata nusu umbo la chombo kwenye karatasi ngumu za maboksi ya dawa: kipimo cha mbele, cha katikati, cha nyuma. Unachonga kulia, unaweka kipimo, unaona mwanga unapita wapi. Kisha unageuza kipimo kile kile, unaweka kushoto. Kulia, kushoto. Kazi ya kisu kimoja na msasa, na ilinichukua karibu mwaka. Nikikosea siwezi kuunga, kilichotoka kimetoka. Mke wangu alihamishia ushonaji wake chumba kile kile, kwa kuwa mwanga wa dirisha ulikuwa mmoja. Tulikaa hivyo alasiri baada ya alasiri, yeye anatoboa kofia, mimi nachonga mti. Tulizungumza mambo ya chumvi na mafuta ya taa. Wakati mwingine mmoja wetu alilitaja jina la mtoto, kwa jambo dogo, na mwingine akaitikia.

Meli ile ya pili niliipa mlingoti mmoja tu na kamba chache. Nilizifunga kwa uzi wa kwenye boksi la mzee. Siku moja narudi kutoka kazini nakuta mlingoti karibu mtupu. Uzi wangu wote umefunguliwa, umezungushwa vizuri kwenye kigurudumu, umewekwa mezani.

"Nani kafungua?"

"Mimi," akasema, sindano mdomoni. "Zilikuwa za fujo."

Alikuwa ameweka kamba moja tu, aliyoifunga yeye. Fundo lake lilikuwa dogo kuliko chembe ya mtama, na uzi ulikuwa umekaza bila kuvuta. Nyingine hakuzifunga. Nilizifunga mimi, nikiitazama ile yake, nikifungua na kufunga tena, siku kumi na mbili. Zilipokwisha alizipitia moja moja kwa kucha, akasema, "Hizi sawa."

Tangu hapo nimejenga nyingi. Mungu hakutujaalia mtoto mwingine. Watu wakiniuliza waanzeje, nawaambia alivyoniambia shemegi: kipande kimoja cha mti, kisu chenye makali, na usianze na milingoti mitatu. Wengi hawanisikilizi, wanataka ile ya kwenye picha.

Jambo moja limebaki. Miaka ya mwanzo ya sabini chakula kilikuwa cha foleni. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mchele, mitaa ya Ng'ambo nje ya Mji Mkongwe, watu kama thelathini mbele yangu, jua halijawa kali. Hakuna aliyesema kitu wala hakupita mtoto. Nilikuwa nawaza msasa, kwamba umekwisha. Nikajikuta nalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima na mfuko wangu mkononi, na sikuweza kunyamaza. Watu waliangalia pembeni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, nisiyemjua, akanigusa kiwiko.

"Nenda kanawe uso, kaka. Pahala pako ntakushikia."

Nilikwenda kwenye mfereji, bomba la mtaa, nikanawa, nikakaa chini kando yake mpaka kilio kilipokwisha. Niliporudi alikuwa amenishikia kweli.

Nyumbani mke wangu alikuwa jikoni anawasha jiko.

"Nimelia," nikamwambia.

Akageuka. "Wapi?"

"Kwenye foleni."

Alinitazama usoni, akaona macho. Akafuta mikono yake kwenye kanga.

"Mchele umepata?"

"Nimepata."

Akaupokea mfuko, akamimina mchele kwenye ungo, akakaa chini akaanza kuuchagua. Baada ya kidogo akasogea, nami nikakaa upande wa pili wa ungo, tukatoa mawe.